Kumuenzi mtafiti wa Kitereza: anzeni na makaratasi yake

Mtafiti aliyetumia umri wake kumfuatilia Aniceti Kitereza, mwandishi wa riwaya wa kisiwa cha Ukerewe, haenziwi kwa ngao na picha ya pamoja tu. Kamati ya Mwanza inayopanga kumuenzi ianze na masanduku yake ya makaratasi.

Pateni kwanza hati ya makabidhiano iliyosainiwa na yeye au familia, ikitaja nani ana haki ya kunakili. Kisha msipange upya chochote, maana mpangilio wake ndio unaoonyesha alivyofikiri. Namba za bahasha ziandikwe kwa penseli, wino huvuja.

Adui mkubwa huku ni unyevu wa ziwa. Pini za stepla huota kutu na kula karatasi. Geuzeni ukurasa, inueni miguu ya pini mmoja mmoja kwa kisu butu, ndipo mtoe. Ukivuta kwa mbele, karatasi inachanika. Selotepu iliyokauka iacheni ilivyo. Karatasi zenye ukungu zitengwe, zikaushwe kivulini, kamwe si juani. Masanduku yakae kwenye rafu ya chuma, sentimeta 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta, mchwa wasipate njia.

Kaseti za mahojiano zitangulie kunakiliwa: wazee waliozungumza humo hawarekodiwi tena. Karatasi ziskaniwe kwa nukta 400 kwa inchi, faili zikae sehemu mbili.

Kwenye orodha, tenganisheni tarehe ya kuandikwa na ya kuchapwa. Kitereza alimaliza mswada wa riwaya yake kwa Kikerewe, lugha ya Ukerewe, mwaka 1945. Toleo la Kiswahili lilitoka 1980. Nakala moja ya orodha na faili ipelekwe Nansio, mji mkuu wa Ukerewe.