Kaharabu, sandarusi au plastiki? Namna ya kutambua kipande cha urithi chenye mdudu ndani

Familia nyingi za pwani zina kipande cha manjano chenye mdudu ndani, na aliyejua kilikotoka ameshafariki. Nyumbani huitwa kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale sana uliogeuka kuwa kama jiwe. Mimi huanza kwa kudhani ni sandarusi, yaani utomvu wa msandarusi uliofukiwa ardhini, ule uliochimbwa Mrima, pwani ya bara mkabala na Unguja, karne ya 19 na kupitia Unguja kwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Fuata mpangilio huu bila kuruka, maana majaribio ya mwisho yanaweza kuacha alama.

1. Uliza kabla ya kugusa. Usikioshe wala kukipaka mafuta. Waulize wazee marehemu alikuwa mtu wa wapi, alifanya kazi gani, alisafiri wapi. Kipande cha mchimbaji wa Rufiji na tasbihi iliyonunuliwa Maka ni habari mbili tofauti. Kagua pia kitambaa au karatasi kilimofungwa. Andika kila jibu na jina la aliyekupa.

2. Piga picha pande zote, rula ikiwa kando.

3. Tazama kwa lenzi, mwanga ukitokea nyuma. Hapa usiwe na haraka. Sandarusi ya kuchimbwa ambayo haijasuguliwa mara nyingi ina vipele vidogo vilivyosongamana, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kisha mtazame mdudu. Aliyenaswa kweli alipapatika: mguu umejikunja, bawa limekunjamana, viputo vya hewa na vumbi la majani viko karibu naye. Mara nyingi ni sisimizi, mchwa au nzi mdogo. Nge mkubwa aliyekaa katikati, miguu yote imenyooshwa, mtilie shaka mara moja. Huyo aghalabu amemiminiwa plastiki.

4. Maji ya chumvi. Koroga robo kikombe cha chumvi katika kikombe kimoja cha maji mpaka iyeyuke, kisha tumbukiza kipande kisicho na chuma wala uzi. Kaharabu na sandarusi huelea. Kioo na bekalaiti, plastiki ngumu ya zamani, huzama. Bekalaiti ilivumbuliwa mwaka 1907, kwa hiyo tasbihi inaweza kuwa ya babu kweli na bado ikawa plastiki. Kuelea peke yake si ushahidi kamili, kwani zipo plastiki nyepesi. Suuza na ukaushe.

5. Tone la spiriti. Weka tone moja mahali pasipoonekana, mbali na mdudu, subiri nusu dakika, bonyeza kwa kidole. Sandarusi mara nyingi hunata, kwa sababu utomvu wake bado haujakomaa. Kaharabu ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, yenye zaidi ya miaka milioni 30, hubaki kavu. Sindano ya moto siipendekezi kabisa: inatoboa kitu ambacho huwezi kukirudisha.

6. Thibitisha. Maabara yenye spektroskopi ya infraredi, kipimo cha namna kitu kinavyofyonza mwanga usioonekana, hutofautisha kaharabu na sandarusi bila kubahatisha. Mdudu mpelekee mtaalamu wa wadudu wa makumbusho, pamoja na maelezo ya hatua ya kwanza. Jibu likiwa sandarusi, usikitupe wala kukiuza kwa bei ya kutupa. Mdudu huyo ni wa misitu ya pwani yetu, ambayo sehemu kubwa imeshakatwa.

7. Hifadhi gizani, mbali na joto na manukato. Sandarusi ikikaa juani hupasuka nyufa ndogondogo usoni, na mdudu haonekani tena.