Mtihani wa mdomo wa unahodha Uingereza: jiandae hivi

Mara ya kwanza nilipokaa mbele ya mtahini, aliniuliza swali lililoonekana jepesi. Ni usiku, uko darajani, pale meli inapoongozwa, ukungu unashuka, na kwenye rada kuna meli mbele yako. Utafanya nini? Nikamwaga yote niliyofundishwa, kisha nikamalizia kwa mazoea ya miaka: "Halafu namwita nahodha." Akanitazama. "Nahodha ni wewe." Siku hiyo nilianguka, na nilistahili.

Nawaandikia mlioko ughaibuni mnaofukuzia cheti cha unahodha cha MCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia usalama wa meli na mabaharia. Anayetahiniwa nchi nyingine ataona mengi yanafanana, kwa kuwa msingi ni mkataba uleule wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia.

Makaratasi kwanza, maana hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Kwa meli za tani 3,000 na zaidi, STCW inataka miezi 36 ya kazi ya baharini ukiwa afisa wa zamu, au 24 kama angalau 12 kati ya hiyo ulikuwa chifu ofisa, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha. Miezi hiyo lazima ionekane kwenye kitabu chako cha baharia na kwenye barua za manahodha uliofanya nao kazi. Chukua barua kabla hujashuka ngazi ya meli. Kampuni ikishafungwa, au nahodha akishastaafu kwao, utaitafuta sahihi hiyo mpaka uchoke. Ongeza cheti cha afya cha ENG1. MCA wakiridhika ndipo wanakupa barua inayosema umestahili kutahiniwa. Mwenye cheti cha unahodha cha nchi nyingine anaweza kuomba kitambuliwe badala ya kuanza upya, lakini kabla ya kulipa chochote aangalie kama nchi iliyompa cheti imo kwenye orodha yao.

Sasa masomo. Kanuni za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zihifadhi neno kwa neno, kwa Kiingereza chake. Aliyesoma chuoni utotoni anajua namna ya kuhifadhi: asubuhi na jioni, kwa sauti, kipande kwa kipande. Tofauti ni kwamba hapa hupati thawabu kwa kuhifadhi bila kuelewa. Ukiyumba kwenye kanuni hizi, hayo mengine hayatakuokoa.

Rudi kwenye ule ukungu wangu. Mtego ni kwamba akili inakimbilia kanuni za meli zinazoonana: yuko kulia kwangu, basi mimi nampisha; yuko kushoto, basi yeye anipishe. Kwenye ukungu hakuna mwenye haki ya kushika njia yake. Inatawala Kanuni ya 19. Chombo kilicho mbele ya ubavu wako, usikikwepe kwa kukata kushoto, isipokuwa kama unakipita. Kilicho ubavuni au nyuma ya ubavu, usigeukie upande wake. Na kabla hujagusa usukani, sema ulichokwisha kufanya: mwendo wa usalama, injini tayari, mtazamaji mahali pake, taa zimewashwa, honi ndefu moja kila baada ya muda usiozidi dakika 2.

Swali wanalolipenda ni la meli kupanda mwamba. Mtu wa Pemba au Lamu hujibu haraka: rudisha nyuma! Pole pole, ndugu yangu. Huenda mwamba ndio uliouziba mpasuko, na ukijivuta utazamia maji marefu. Simamisha injini, piga king'ora, funga milango isiyopitisha maji, pima matangi yote na kina cha maji kuzunguka meli. Maji yanajaa au yanapwa? Bamvua au maji mafu? Weka taa mbili nyekundu kwa wima pamoja na taa za nanga, na mchana mipira mitatu kwa wima. Toa taarifa. Wakija waokoaji na mkataba wa Lloyd's, ule wa "usipookoa hulipwi", jua kwamba Mkataba wa Uokoaji wa 1989 unampa nahodha mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya mwenye meli. Ukisema utasubiri ofisi ifunguliwe Jumatatu, umerudi kuwa chifu ofisa.

Kuna jambo vitabu havisemi. Sisi tumelelewa kumjibu mkubwa kwa unyenyekevu: macho chini, "nadhani", "labda", "kama utaniruhusu". Kwetu hiyo ni adabu. Mtahini anasikia mtu asiye na uhakika na meli yake. Haikupasi kuwa jeuri, ila anza jibu na kitenzi: nasimamisha, nageuza, naamuru. Usipolisikia swali, omba arudie. Ukikosea, sema "nasahihisha" na uendelee, maana hata baharini makosa hurekebishwa hivyo.

Kaa kitini saa moja na nusu bila maji wala choo uone inavyokuwa, kwani mtihani waweza kufika huko. Ukifanyiwa kwa video, panga chumba mapema na watoto wapelekwe kwa jirani.

Na tafuta wa kukuuliza maswali ghafla. Mimi alikuwa mke wangu. Hajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko feri ya Kigamboni, lakini nilimwachia daftari la maswali na majibu, naye akawa ananirushia akiwa anasonga ugali. "Moto chumba cha mashine!" Naanza: king'ora, zima feni, kata mafuta, funga matundu ya hewa, fungulia gesi ya kaboni... Mwiko unasimama hewani. "Watu umewahesabu?"