Kuchora mikono ya fundi, mvuvi na mpiga ngoma kwa rangi za mafuta: hatua kwa hatua, Bagamoyo

Picha ya mikono ina mtihani mmoja. Ikishamalizika, mwonyeshe mtu anayeishi na mwenye mikono hiyo: mkewe, mwanawe au mwenzake wa kazini. Usimwambie ni ya nani. Akimtaja mwenyewe bila kusita, kazi imekwenda. Akisema tu "mikono mizuri", umechora vidole kumi vya mtu yeyote na itabidi urudi kuangalia upya. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili ya mtihani huo.

1. Kaa na mtu akiwa kazini kabla ya kumwomba akae

Siku ya kwanza nenda na daftari na penseli tu. Toa shikamoo, uliza habari za kazi, tafuta pa kukaa ambapo hutamzuia, angalia. Mwambie mapema kwamba unachora mikono peke yake na sura haitaonekana. Wapo wengi wasiopenda kupigwa picha ambao hukubali wakisikia hivyo. Malipo ya kukaa myamalize siku hiyohiyo, na yasiwe chini ya kile ambacho angekiingiza kwa saa hizo. Kwa wavuvi uliza kwanza habari za maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hawana muda na wewe.

Unachotafuta ni alama ambazo kazi imeziacha. Kwa mvuvi wa mshipi angalia kunjo la kiungo cha kidole cha shahada, pale mshipi unapopita: hapo ngozi ina mikato myembamba iliyopona na kukatika tena, na chumvi hubaki nyeupe ndani ya mistari. Kwa fundi anayeshika tezo tafuta sugu chini ya vidole vinne vya mkono unaopiga, halafu tafuta makovu kwenye mkono wa pili, kwa kuwa huo ndio unaoshikilia mti na ndio unaoumia. Mpiga ngoma ana kiganja kilichokomaa pembeni na kwenye ncha za vidole. Mpiga ilimba, ile ala ya vyuma vinavyobonyezwa, hufanya kazi yote kwa magumba, na katika mji aliokaa miaka mingi marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba maarufu, hutakosa mtu wa kukuonyesha gumba la namna hiyo.

Mfano mmoja wa karibu. Fundi anayekalafati jahazi ufukweni, yaani anayeziba mianya ya mbao zake, ana patasi butu mkono wa kushoto na nyundo mkono wa kulia. Ukimwangalia haraka utachora ngumi mbili. Kaa robo saa. Patasi imebanwa na gumba na vidole viwili tu. Kidole cha pete kimelegea, na kidole cha mwisho kimenyooka kugusa ubao, kinapapasa mwanya unakoelekea. Kila baada ya mapigo machache mkono huohuo wa kushoto unasukuma pamba iliyolowa mafuta ya nazi ndani ya mwanya bila kuiachia patasi. Kidole kile cha mwisho ndicho picha. Ukikikunja pamoja na vingine, umempoteza fundi.

2. Dirisha na mkao

Vitabu vingi vya kuchora viliandikwa Ulaya, ndiyo maana vinasisitiza dirisha la kaskazini. Ukivifuata hapa kwetu, nusu ya mwaka jua litakuingilia ndani. Bagamoyo iko takribani nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo tumia dirisha la kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi geuza. Nje usichore kati ya saa 5 na saa 9 mchana: jua liko utosini, vifundo vyote vinang'aa sawasawa na chini ya vidole panakuwa shimo jeusi. Ufukweni mwanga mzuri ni wa asubuhi, kuanzia jua linapotoka baharini hadi kama saa 3, kwa sababu unakuja ubavuni na kuonyesha kila kunjo.

Mpe mwenye mikono chombo chake cha kazi akishike, na mikono iegemee juu ya paja au meza. Mkono unaoning'inia chini ya moyo hujaa damu na mishipa hutuna. Ukiinuliwa, mishipa hulala. Amua unataka ipi, maana ukianza na mkono umening'inia na baada ya mapumziko akauweka mezani, mishipa uliyoichora hutaiona tena. Chora alama za chaki mezani kuzunguka viwiko na chombo ili arudi palepale. Dakika 20 za kukaa, dakika 5 za kupumzika. Baada ya dakika 20 vidole hulegea taratibu bila mwenyewe kujua, nawe unaanza kukimbizana navyo.

Picha ya simu ni ya akiba tu. Ukiipiga karibu sana, kidole kilicho mbele kinavimba na kifundo cha mkono kinakuwa chembamba. Simama mita 1 na nusu au zaidi, vuta kwa zumu, na usitumie mwanga wa simu.

3. Mchoro wa mkaa

Mkono una mifupa 27: 8 midogo kwenye kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Huna haja ya majina yake, ila kumbuka gumba lina vipande viwili tu na vidole vingine vina vitatu. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja; nguvu hutoka mkononi juu na kuvutwa na kano. Kwa hiyo mchoro uanze kwenye mkono chini ya kiwiko, hata kama utakatwa na ukingo wa picha. Mkono ulioanzia kwenye kifundo huonekana kama glavu.

Pima hivi. Nyuma ya mkono, kidole cha kati kutoka kifundo chake kikubwa hadi ncha ni kama nusu ya urefu wa mkono mzima. Upande wa kiganja kidole hichohicho kinaonekana kifupi, kwa kuwa ngozi iliyo kati ya vidole imepanda juu ya kifundo. Wanaoanza hutumia kipimo kimoja pande zote mbili, na ndiyo sababu viganja vyao vina vidole virefu mno. Unganisha vifundo vikubwa vinne kwa mstari mmoja: utapata upinde, haunyooki kamwe. Vifundo vya kati navyo ni upinde, uliopinda zaidi. Chora pinde hizo kwanza, vidole baadaye.

Ukucha wa gumba hautazami upande mmoja na kucha nyingine. Mkono ukiwa umelala, umegeukia ubavuni. Kosa hili peke yake huharibu picha nyingi.

Ukubwa: mkono wa mtu mzima ni kama sentimeta 18 hadi 20. Uchore kwa kipimo chake halisi au uzidishe kidogo, hadi mara moja na robo. Ukizidisha mara mbili unapata jitu, na mtazamaji anaacha kuangalia sugu anaanza kuangalia ukubwa. Kwa mikono miwili na chombo, kanvasi ya sentimeta 50 kwa 60 inatosha.

4. Kanvasi

Marekani nzito ya dukani, kile kitambaa cheupe cha pamba, inafaa. Ifue kwanza itoe wanga, ivute juu ya fremu ya mbao kavu iliyopakwa dawa ya mchwa, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, sehemu 1 ya gundi kwa 2 za maji, kisha tabaka 3 za jeso, rangi nyeupe ya msingi, ukipiga msasa namba 220 katikati. Wakati wa masika subiri siku nzima kati ya tabaka na tabaka. Jeso inayoonekana kavu wakati hewa ina unyevu huwa bado laini chini, na rangi itapasuka juu yake.

Rangi ya nyumba ya kung'aa iachie kazi nyingine. Edward Saidi Tingatinga aliitumia juu ya hadibodi na ikafaa kabisa kwa namna yake ya rangi bapa zenye mipaka. Ngozi inahitaji rangi inayobaki mbichi siku nzima ili kivuli kiyeyuke kuingia kwenye mwanga.

5. Kuchanganya rangi ya ngozi

Rangi 6 zinatosha: nyeupe ya titaniamu, oka ya njano, sienna iliyochomwa (udhurungi mwekundu), amba iliyochomwa (udhurungi mzito), ultramarini (buluu) na alizarini (nyekundu nzito). Nyeusi usiinunue. Ngozi nyeusi ya hapa pwani imejaa wekundu, udhurungi na buluu, na rangi nyeusi ya tyubu huvizima vyote.

Kivuli kizito: amba sehemu 2, ultramarini 1. Ukitaka kiwe na joto zaidi ongeza alizarini kidogo sana.

Rangi ya kati: sienna 2, amba 1, oka nusu.

Mwanga: hapa ndipo wengi wanapoangukia. Wanachukua rangi ya kati na kuipandisha kwa nyeupe, na ngozi inakuwa ya majivu, kama mtu aliyepigwa na vumbi. Nyeupe hupandisha mwanga na wakati huohuo huipoza na kuififisha rangi. Pandisha kwanza kwa oka na sienna hadi ziishiwe nguvu, ndipo utie nyeupe, kiasi cha punje ya mtama kwa kila mchanganyo wa ukubwa wa kijiko cha chai.

Mng'ao: huu ni kitu kingine, usiuchanganye na mwanga. Kwenye ngozi nyeusi, hasa iliyopakwa mafuta au yenye jasho, mng'ao huchukua rangi ya anga. Karibu na dirisha la kivulini ni wa buluu baridi: nyeupe, ultramarini kidogo, na tone la rangi ya kati. Uweke mwishoni, mara moja, usiusugue.

Kiganja: oka 2, sienna 1, nyeupe 1, alizarini kidogo. Mistari ya kiganja ni sienna na alizarini. Ukiichora kwa amba na ultramarini inaonekana kama uchafu. Angalia pia mahali rangi ya nyuma inapokutana na ya kiganja pembeni mwa kidole: mpaka upo, lakini ni laini.

6. Kupaka

Tabaka la kwanza: amba na tapentaini tu, jepesi kama chai ya rangi. Weka vivuli, futa mwanga kwa kitambaa. Amba hukauka haraka kuliko rangi zako nyingine zote, na kwa kawaida kesho yake unaendelea.

Tabaka la pili: rangi ya kati na vivuli kwa brashi bapa namba 8, bila mafuta ya ziada. Usiguse kucha wala mistari. Mkono mzima usimame kama umbo moja kwanza. Ukisogea hatua 3 nyuma na kukunja macho, uone ngumi au kiganja, usione vidole vitano vilivyobandikwa.

Tabaka la tatu: ongeza mafuta ya kitani, matone machache kwa kila mchanganyo. Kila tabaka la juu liwe na mafuta kuliko la chini yake. Ukienda kinyume, la juu linakauka mbele, la chini linaendelea kusogea, na baada ya miezi unaona nyufa. Alizarini ni mvivu wa kukauka, kwa hiyo isiwe nyingi chini.

Vifundo vinataka muda wako mwingi. Kidole kikinyooka, ngozi ya kifundo hujikunja ikafanya duara la mistari kama jicho, na hapo rangi ni nyeusi kuliko kidole kingine, ongeza amba. Kidole kikikunjwa, mistari hufunguka, ngozi inavutika juu ya mfupa, na mng'ao unakaa hapo. Mng'ao huo ukate mahali mistari inapopita. Ukiupitisha moja kwa moja kifundo kinakuwa cha plastiki.

Sugu ni ya njano kidogo, haina mistari na haing'ai. Ipake kwa oka iliyozimwa na tone la ultramarini, ukingo wake mmoja tu ukiwa mkali. Kovu la zamani hung'aa kuliko ngozi inayolizunguka. Chumvi ya mvuvi iweke mwisho kabisa kwa brashi karibu kavu, nyeupe na oka, ikikaa ndani ya mistari. Kucha usizizungushie mstari. Ukucha ni kipande cha mwanga chenye kivuli chembamba upande mmoja.

Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na matambara yaliyofungwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje au yatose kwenye ndoo ya maji.

7. Kukausha

Mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, hivyo unyevu na giza huchelewesha, na giza pia hugeuza mafuta ya kitani kuwa ya njano. Weka picha chumba chenye mwanga, si kwenye jua, ukiacha sentimeta 5 kati yake na ukuta. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Bagamoyo hutoa maji wakati wa masika na nyuma ya kitambaa hupata ukungu. Vanishi isubiri miezi 6 hadi 12. Kabla ya kuipaka, futa uso kwa kitambaa laini chenye maji safi kidogo na uache ukauke, kwa sababu karibu na bahari chumvi hutulia juu ya kila kitu na vanishi ikipita juu yake inafanya utando mweupe.

Nyuma ya fremu andika kwa penseli: kazi ya mwenye mikono, mkono upi ndio wa kazi, mwezi na mwaka. Jina liandike ikiwa amekubali. Kisha mpelekee mkewe aione.