Kuuza gitaa kuukuu la nyuzi 12: anza na shingo, bei baadaye

Wadau, kama una gitaa kavu la zamani la nyuzi 12 limekaa juu ya kabati na unataka kuliuza, soma hii kabla hujapiga hata picha moja. Mi la kwangu lilikuwa Eko Ranger 12 la Kiitaliano, lilikuja na mapadre, baba mdogo akawa anapigia kwaya parokiani kule Iringa, limepigwa mpaka vanishi imeisha pale mkono unapopita. Nilihangaika nalo miezi minne bila mteja kwa sababu nilianza kwa kutaja bei. Nilikosea. Mtu anayetafuta nyuzi 12 za zamani ananunua shingo kwanza, hayo mengine yanafuata.

Sababu ni hii: nyuzi 12 zikikazwa kwa sauti ya kawaida zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, wakati gitaa la nyuzi 6 liko kwenye 70 na kitu hivi. Sa fikiria limevutwa namna hiyo miaka 50, usiku na mchana, hata kama hakuna anayelipiga. Shingo inakuja mbele, ubao wa juu unavimba nyuma ya daraja (kile kibao kilichogundishwa tumboni kinachoshika nyuzi), na daraja lenyewe linaanza kubanduka. Mnunuzi mjuzi anajua yote haya na ndo atakayokagua, kwahiyo yakague we kwanza.

Chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) katikati ya shingo iende mpaka kwenye daraja. Ncha yake ikigusa juu ya daraja au ikapita juu kidogo, uko vizuri. Ikigonga ubavuni mwa daraja, chini ya ukingo wa juu, shingo imeshalala na inahitaji kung'olewa ipangwe upya, na hiyo kwa magitaa mengi ni kazi ya gharama inayotaka fundi wa kweli. Alafu pima nafasi kati ya uzi mnene wa mwisho na freti ya 12: milimita 2.5 hadi 3 ni raha, ikifika 4 na kuendelea vidole vitalia. Mwisho chukua karatasi jaribu kuipenyeza chini ya daraja kwa nyuma, ikiingia ujue gundi imeachia, na hapo legeza nyuzi siku hiyohiyo usisubiri mteja.

Hayo ma-Eko Ranger yana bahati moja, shingo imefungwa kwa boliti, kwahiyo fundi anaweza kuifungua akaweka kipande chembamba cha mbao na kuirudisha kwenye pembe yake. La kwangu lilifanyiwa hivyo na ndo lilipoanza kupigika tena. Kama lako ni hivyo sema kwenye tangazo, ni sifa kubwa.

Usafi: kitambaa kilaini chenye unyevu kidogo, basi. Usipake dawa ya kung'arishia makochi, na tafadhali sana usipige vanishi mpya. Nimeona mtu kaenda kwa seremala kulipaka rangi upya ili "lipendeze", gitaa la mwaka 1970 likatoka linafanana na meza, thamani ikaondoka palepale. Mikwaruzo ya kupigwa iache. Na kama uliwahi kubadilisha vifunguo vya kukazia nyuzi na vile vya zamani bado unavyo kwenye kopo, hata kama vimeharibika, viweke kwenye mzigo.

Weka nyuzi mpya, nyembamba za kuanzia 10 (yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010). Hapa Dar seti ya nyuzi 12 inasumbua kupatikana, wengi tunanunua seti ya kawaida ya 6 tunaongezea nyembamba mojamoja, inafanya kazi. Likaze chini kwa sauti moja nzima, shingo inapumzika na mteja unamwambia tu anaweza kubana kapo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya pili. Nyuzi 12 zimepangwa mbilimbili, pea sita, kwahiyo nunua na akiba ya ule uzi mwembamba wa pea ya tatu, unaolia oktavu juu, maana huo ndo unaokatika kila mara.

Sasa sauti, hapa ndo gitaa linapojiuza. Weka simu mezani, usiweke muziki mwingine wala kuhariri. Piga pea moja moja kwanza, halafu panda freti zote taratibu watu wasikie kama kuna inayokwaruza, ndo upige wimbo. Wanaotafuta gitaa hili wanafuata mng'ao wa zile pea za oktavu, ndo maana hata wapigaji wa rumba ya Kongo kwenye mtindo wa kukaza nyuzi uitwao mi-composé wanatoa uzi wa nne wanaweka mwembamba wa oktavu ya juu. Mzee wa bendi ya dansi akisikia huo mlio kwenye vidio atakupigia mwenyewe.

Picha piga kibarazani mchana: lebo ya ndani ya tundu, namba ya gitaa, nyuma ya kichwa, shingo kwa ubavu, daraja kwa karibu, na kila ufa. Tangazo langu lililouza lilikuwa hivi: "Eko Ranger 12, shingo ya boliti imerekebishwa, freti ya 12 nafasi ni milimita 3, ufa mmoja wa sentimita 6 ubavuni umegundishwa na haukui, vanishi imelika kwa kupigwa, nyuzi mpya. Njoo na rula yako." Walikuja watatu ndani ya wiki.

Bei usiitoe kwenye matangazo ya watu, yale ni matumaini yao. Angalia zilizokwisha uzwa kweli, mitandao ya mauzo kama Reverb (ya vyombo vya muziki) na eBay inaonyesha, alafu toa gharama ya ufundi uliobaki. Mtu akikuandikia "mwisho bei gani" hajaliona, mjibu aje alishike kwanza. Na kama unauza nje ya nchi hakikisha mbao yake ni ipi, maana rozwudi ya Brazil, ambayo ni ndugu wa mpingo wetu, imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992 na haivuki mpaka bila vibali.

Kukutana iwe sehemu tulivu yenye watu, mwache alitune mwenyewe na apige hata nusu saa. Malipo angalia salio kwenye menyu ya simu yako, meseji peke yake usiiamini hata kama ina kila kitu.

Likienda mkoani kwa basi, legeza nyuzi zote sauti mbili au tatu lakini usizitoe, jaza nguo chini ya kichwa na pembeni ya shingo ndani ya boksi gumu, na umwambie konda lisilale chini ya mizigo. Mteja akilipokea asifungue hapohapo, hasa likitoka joto la Dar kwenda baridi ya Mbeya, likae kwenye boksi mpaka kesho yake ndo aanze kukaza, kidogokidogo, akianza na zile nene.