Video ya wimbo: rekodi bendi kwanza, kisa baadaye

Wimbo wenu una kisa? Anzeni na bendi. Upigeni wote, mwanzo hadi mwisho, mara nne au tano bila kukata, spika ikitoa sauti ileile ya studio ili midomo ifuatane nayo. Mara ya kwanza kamera ikae mbali, kisha imfuate mwimbaji, kisha vidole vya mpiga gitaa na mikono ya mpiga dramu. Hapo hata kisa kikipwaya, mhariri ana pa kukimbilia.

Kisa kikae kwenye beti, bendi irudi kwenye kiitikio. Ila viunganisheni kwa kitu kimoja. Sisi hapa Moshi tulitumia kanga: dada anaitupia begani akishuka basi stendi, baadaye ileile imefungwa kwenye maiki ya mwimbaji, pindo likicheza na upepo. Watu walielewa anaimbiwa nani bila kuambiwa.

Na mkitaka Kilimanjaro nyuma ya bendi, saa kumi na mbili asubuhi muwe mmeshapanga vyombo, tayari kupiga. Kufika saa nne, mara nyingi mawingu yameshaufunika mlima.