Namna mama anavyovuta pompe yake ya dawa mbili

Mama ana pumu, na hapa Goma vumbi jeusi la volkano na moshi wa mbabula (jiko la makaa) havimpi nafasi. Pompe yake, yaani kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, ina dawa mbili: moja hufungua njia za hewa, nyingine hutuliza uvimbe ndani yake. Hii ya pili hufanya kazi polepole, ndiyo maana anavuta asubuhi na jioni hata akijisikia mzima.

Namwambia: "Mama, kaa wima. Tikisa pompe. Toa pumzi yote, ufunge midomo vizuri kwenye pompe. Anza kuvuta taratibu, na papo hapo bonyeza." Wengi hubonyeza kabla ya kuvuta, dawa ikabaki kwenye ulimi. Kisha anashika pumzi nikihesabu hadi 10. (Pompe ya unga ni tofauti: huvutwa kwa nguvu.)

Halafu asukutue na ateme maji, la sivyo fangasi weupe wanaweza kuota mdomoni.

Akibanwa ghafla, tunatumia pompe nyingine ya salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa haraka) aliyoandikiwa na muganga wa hospitali. Isipomsaidia, tunakwenda hospitali, hata usiku.