Kundi lenu la treni za modeli limepoa? Anzeni hapa

Wadau, mimi niko Uingereza natumia OO, yaani treni ndogo mara 76 kuliko treni halisi (skeli ya 1:76) juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5, na makundi ya hobi hii naona kabisa yanavyozima, unaingia unakuta posti ya mwisho ni salamu za Krismasi. Yanaweza kuamka lakini, na kazi yenyewe siyo kubwa.

Cha kwanza rudisheni picha. Mwaka 2017 Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, walianza kudai hela ili picha zionekane kwenye tovuti nyingine, basi mtu alikuwa kaeleza hatua kwa hatua alivyojenga stesheni, leo ukifungua unakuta maandishi tu, "angalia picha ya tatu", na picha haipo. Halafu Yahoo Groups nayo ikafungwa Desemba 2020, makundi mengi yakahamia groups.io, ila wengine njiani wakapotea. Watafuteni mmoja mmoja, waombeni picha zao za zamani, wazipandishe ndani ya kundi lenyewe na nakala mbaki nayo kwenye diski.

Pili, acheni kuposti "mbona mko kimya jamani". Hiyo haijibiki. Weka tatizo lenye picha, sema skeli yako, sema unaendesha kwa DCC (mfumo wa kidijitali, kila injini inaamriwa peke yake) au umeme wa kawaida, mfano "injini yangu fupi inazima kila ikifika pale reli inapogawanyika, magurudumu nimeshayasafisha kwa spiriti na bado", hapo utaona, maana kila fundi limeshamkuta, huyu atakwambia kile kipande cha katikati ni plastiki hakipitishi umeme, yule atakwambia uuze hiyo injini ununue ndefu, watabishana mpaka usiku na ubishi huo ndio uhai wa kundi.

Mgeni akiuliza swali lililoshaulizwa mara mia, mjibuni, tena siku hiyohiyo. Kumwambia "katafute posti za zamani" ni kumfukuza, hatarudi, na mimi hili linaniuma kweli maana nimeona vijana wazuri wakiondoka hivyohivyo.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote, Inglenook, mchezo wa fumbo wa kupanga mabehewa. Unahitaji ubao mmoja tu, njia tatu za pembeni, moja inabeba mabehewa matano na mbili zinabeba matatumatatu, na kipande cha mbele kinachotosha injini na mabehewa matatu. Mnaweka mabehewa manane, mtu mmoja anachagua matano na kuyapanga kwa bahati nasibu, wengine wote mnashanti, yaani mnasukuma na kuvuta mabehewa kwa injini, mpaka mfike mpangilio uleule, kila mtu nyumbani kwake, halafu mnaposti video na idadi ya hatua mlizotumia. Mipangilio iko 6,720 kwa hiyo hamtachoka leo wala kesho, na hata anayeishi chumba kimoja anacheza. Fanyeni kila Jumamosi, siku ileile bila kuruka, watu wakishazoea watakuja wenyewe.

Mwisho, kila mtu alete treni ya kwao. Mimi nilipoandika kwamba najaribu kujenga modeli ya Garratt, aina ya 59 (class 59) ya East African Railways, zile injini za mvuke kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja, walitokea wazee ambao sijawahi kuona majina yao, mmoja akauliza nimechagua reli ya upana gani (hii siyo OO, ni milimita 12, kwa 1:87), mwingine akaleta picha alizopiga mwenyewe zamani. Kama uko Nairobi pita makumbusho ya reli, moja ya injini hizo, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, iko pale, ipige picha za chini na za pembeni, pima na unachoweza kupima, uposti. Kuna mtu mahali fulani amekwama na modeli yake kwa kukosa picha hiyohiyo.